Bastola Kiunoni na Gaidi Aliyekuja Kufa

Jumamosi ya 21 Septemba 2013, muda mfupi baada ya saa sita mchana, watu wanne wa kundi la al-Shabaab la Somalia, waliobeba bunduki za AK na maguruneti, waliingia jengo la maduka la Westgate, mtaani Westlands, Nairobi. Wawili walipitia lango kuu. Wawili walipanda njia ya magari hadi maegesho ya juu, ambako watoto walikuwa kwenye mashindano ya upishi. Waliotangulia kuwakabili walikuwa askari kanzu wachache pamoja na raia wenye leseni za bastola, baadhi yao kutoka vikundi vya ulinzi wa mtaa vya Wakenya wenye asili ya Kihindi. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa, alifika mbio na bastola yake kwa sababu ndugu yake alikuwa amekwama ndani. Waokoaji hao walipita duka kwa duka wakiwatoa waliojificha, na majeruhi wakasukumwa nje kwa troli za supamaketi. Hadi mambo yanatulia, siku tatu baadaye, watu 67 walikuwa wameuawa.

Mwezi uliofuata Ronald Noble, aliyekuwa katibu mkuu wa Interpol, aliuliza hadharani kama dawa ya mashambulizi ya namna hii si raia wenye silaha. Alitoa mfano wa Denver na Texas: je, huko magaidi wangeweza kuranda madukani kwa saa nyingi hivyo? Tangu hapo swali hilo hurudi kila damu inapomwagika, Nairobi, Mtwara hata Goma, na mara nyingi watu hulijibu kwa hasira ya siku ile.

Ndani yake kuna maswali mawili, na ukiyachanganya hutafika popote. La kwanza: je, gaidi akijua raia wana silaha, ataogopa asije? La pili: akishakuja, je, raia mwenye silaha anaweza kumkatiza kabla hajaua wengi? Naamini jibu la kwanza ni hapana, isipokuwa mara chache. Jibu la pili ni ndiyo, lakini kwa masharti ambayo wenye bastola wengi hawajayatimiza.

Hofu ndiyo msingi wa kuzuia. Mwizi wa gari huogopa bastola kwa sababu anataka kwenda nyumbani na gari. Wale wanne wa Westgate hawakuja na mpango wa kurudi nyumbani. Waliovamia hoteli ya DusitD2, Nairobi, tarehe 15 Januari 2019 walianza kwa mmoja wao kujilipua. Mtu wa namna hiyo risasi yako ameshaihesabu katika mpango wake. Anachohesabu ni dakika atakazopata kabla ya kufa, na hapo ndipo silaha ya raia inapoweza kumpunguzia.

Yemen ni ushahidi mzito zaidi kuliko hoja yoyote. Kwa makadirio ya taasisi ya Small Arms Survey yaliyotolewa mwaka 2018, ni nchi ya pili duniani kwa silaha za raia, takriban 53 kwa kila watu 100, ikitanguliwa na Marekani yenye zaidi ya 120. Kule mwanamume kupita sokoni na AK begani ni jambo la kawaida. Bado Mei 2012 mtu mmoja alijilipua Sana'a katikati ya askari waliokuwa wakifanya mazoezi ya gwaride, akaua zaidi ya 90. Machi 2015 misikiti ya mji huohuo ililipuliwa wakati wa sala ya Ijumaa, wakafa watu zaidi ya 130. Texas nayo, ile ya mfano wa Noble, ilishambuliwa tarehe 3 Agosti 2019: mtu mwenye chuki ya rangi aliingia duka la Walmart huko El Paso akaua 23. Katika jimbo ambalo kubeba bastola ni desturi, aliondoka mwenyewe, kisha akajisalimisha kwa polisi. Mwanajeshi mmoja aliyekuwa katika jengo la maduka la jirani alikuwa na bastola yake ya leseni. Dakika zile alizitumia kubeba watoto kuwatoa nje, na sioni kosa hata chembe katika uamuzi wake.

Tena mengi ya mashambulizi makubwa ya ukanda wetu yalikuwa ya mabomu. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani Nairobi, watu 213. Dar es Salaam siku hiyohiyo, 11. Kampala, 11 Julai 2010, watu 74 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Mogadishu, 14 Oktoba 2017, lori moja, zaidi ya watu 500, katika mji usio na uhaba wa bunduki. Ukiuliza ni nini kilipunguza vifo Dar es Salaam, sehemu ya jibu ni lori la maji. Lilikuwa getini, likaliziba gari la bomu njia ya kusogelea jengo, na mlipuko ukaishia nje. Nairobi, mlinzi asiye na silaha alikataa kuwafungulia kizuizi, na gari halikuweza kuingia chini ya jengo. Kila mita ya umbali kati ya mlipuko na ukuta huokoa watu, kwa sababu nguvu ya wimbi lake hupungua haraka mno kadiri linavyosafiri. Nguzo za zege, geti linalofunguka hatua mbili, kona inayolazimisha gari kupunguza mwendo: hivyo ndivyo vitu vinavyomharibia gaidi wa bomu hesabu zake.

Kuna tatizo jingine la hoja ya hofu. Gaidi anayeogopa mahali pamoja huhama. Westgate ilipoleta vigunduzi vya chuma na vioo vya kukagua chini ya magari katika kila jengo kubwa la Nairobi, al-Shabaab waliendelea kuua mbali na hapo: Mpeketoni Juni 2014, basi la Mandera Novemba 2014 (watu 28), wachimba mawe wa Mandera siku kumi baadaye (watu 36), na Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 (watu 148). Garissa washambuliaji waliingia kabla ya mapambazuko. Recce, kikosi maalum cha polisi kilichosafiri kutoka Nairobi, kiliingia mabwenini karibu saa kumi na moja jioni na kumaliza kazi kwa dakika chache. Nikisoma ratiba ya siku ile huwa naumia, kwa kuwa kilichokosekana hakikuwa silaha nchini, kilikuwa usafiri na amri. Uvalde, Texas, Mei 2022, askari 376 wenye silaha walifika shuleni, na zikapita dakika 77 kabla mtu hajaingia darasani kumkabili muuaji.

Sasa swali la pili. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilichunguza matukio 160 ya wauaji wa kufyatua risasi ovyo kati ya 2000 na 2013. Matano yalimalizwa na watu wenye silaha wasio polisi, na kati ya hayo manne wahusika walikuwa walinzi wa kazi. Raia wa kawaida mwenye kibali alikuwa mmoja tu. Matukio 21 yalimalizwa na watu wasio na silaha yoyote, waliomrukia muuaji na kumkaba. Mengi ya matukio hayo hayakuwa ugaidi, lakini yanaonyesha mambo yanavyokwenda pale risasi zinapoanza: aliye karibu na mwenye uamuzi ndiye hufanya kazi, awe na bastola au mikono mitupu.

Kwa nini bastola hushindwa mara nyingi? Anza na chuma chenyewe. Bastola ya milimita 9 hubeba risasi 15 hadi 17, na mikononi mwa mtu aliyefundishwa vizuri hutegemewa hadi mita 25 hivi. AK hubeba 30, hulenga hadi mita 300 na zaidi, na risasi yake hutoka kwa kasi ya takriban mita 700 kwa sekunde, karibu maradufu ya ile ya bastola. Hupenya mlango wa gari, ubao, jipsamu, na mara nyingi tofali la saruji lenye matundu. Husimamishwa na nguzo nene ya zege au injini ya gari. Anayejibanza nyuma ya mlango wa gari kama kwenye sinema amejificha machoni tu.

Kisha mikono. Uchunguzi wa taasisi ya RAND kuhusu polisi wa New York, uliotolewa 2008, ulikuta kwamba askari wakifyatuliana risasi na mtuhumiwa, risasi 18 tu katika kila 100 zilimpata. Hao ni watu wanaolipwa kubeba silaha. Zile 82 nyingine huenda wapi? Katika korido ya maduka siku ya Jumamosi, zinaenda kwa mama mwenye mtoto. Moyo ukienda mbio, vidole hupoteza wepesi, macho huona kitu kimoja tu mbele, masikio huziba. Anayekwenda uwanja wa shabaha mara moja kwa mwaka kutoboa karatasi tulivu kwa mita 7 hajajifunza lolote kati ya hayo.

Mazoezi yenye maana hufanywa hivi. Kwanza kwa silaha tupu, iliyokaguliwa mara mbili, risasi zikiwa chumba kingine: vuta shati juu kwa mkono wa kushoto, shika mpini ukiwa bado ndani ya ala, chomoa wima, kutanisha mikono kifuani, sukuma mbele. Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi umeamua. Rudia hadi shati lisinase. Kunasa kwa shati ni hitilafu ya kawaida kwa anayebeba bastola chini ya nguo. Halafu uwanjani: mita 3, 7, 15 na 25, kwa mikono miwili, kwa mkono mmoja, ukiwa umepiga magoti nyuma ya nguzo, ukiwa umetoka kukimbia mita 50. Weka karatasi za watu wasio na hatia mbele na nyuma ya shabaha. Ukizigusa, umeshindwa zoezi, hata kama shabaha yenyewe umeipata. Kila mwezi, siyo kila mwaka.

Ila hatari kubwa zaidi kwa raia mwenye bastola huja baada ya polisi kufika, na hili ndilo somo la Westgate ambalo halizungumzwi vya kutosha. Alasiri ile, Recce na askari kanzu wakiwa ndani, wanajeshi waliingia, na kamanda wa Recce akauawa kwa risasi ya upande wake mwenyewe. Vikosi vikatoka nje, washambuliaji wakapata muda wa kupumua. Kama ofisa mwenye silaha za kikosi na mafunzo ya miaka alidhaniwa adui, wewe mwenye jinzi na bastola utadhaniwa nani?

Tarehe 21 Juni 2021, Arvada, Colorado, raia mmoja alimpiga kwa bastola mtu aliyekuwa ametoka kumuua polisi, akamwangusha. Kisha akaokota bunduki ya muuaji. Polisi aliyefuata alimwona ameishika, akampiga risasi, akafa. Tarehe 30 Novemba 2023, Jerusalem, mwanasheria aliyewahi kuwa polisi aliwafyatulia risasi washambuliaji wawili wa Hamas kituoni mwa basi. Alitupa bastola, akapiga magoti, akainua mikono, na bado mwanajeshi akampiga akafa. Wa pili alifanya yote tunayofundisha. Kwa hiyo hatua zinazofuata hupunguza hatari, haziiondoi.

Usiwafuate washambuliaji chumba hadi chumba. Kaa mahali pamoja penye zege mbele yako na watu nyuma yako, ulinde mlango mmoja. Usiguse silaha ya mshambuliaji. Ikibidi, isukume mbali kwa mguu. Mara tu hatari iliyo mbele yako inapokoma, rudisha bastola kwenye ala kabla hujafanya lingine lolote, kwa sababu askari huangalia mikono kabla ya uso. Akifika, vidole vitawanyike wazi juu ya kichwa, usigeuke ghafla, usimkimbilie kumshukuru, usiingize mkono mfukoni kutafuta leseni. Sema neno moja kwa sauti: "Raia! Raia!" Na kabla ya yote hayo, mtu aliye karibu nawe apige simu, 999 au 112 Kenya, 112 Tanzania, aseme kwa mpangilio: jengo na ghorofa, washambuliaji wangapi na wamevaa nini, wana silaha gani, walikuwa wapi mara ya mwisho. Halafu aongeze: ndani kuna raia mwenye bastola, shati la bluu, suruali nyeusi, yuko nyuma ya nguzo karibu na lifti. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayoweza kukuokoa.

Vijijini mambo ni tofauti, na huko ndiko hoja ya kuwapa raia silaha ina nguvu na hatari kubwa kwa pamoja. Burkina Faso ilipitisha sheria ya wapiganaji wa kujitolea Januari 2020: mafunzo ya siku 14, kisha bunduki. Usiku wa kuamkia 5 Juni 2021 wavamizi waliingia kijiji cha Solhan. Walianza na kituo cha wapiganaji hao, wakageukia nyumba na machimbo ya dhahabu, wakaua watu wasiopungua 132. Silaha chache zilizotolewa hadharani zilikuwa zimekitia kijiji alama. Tena pale ambapo kabila moja lilipewa bunduki na jingine likashukiwa, visasi vilifuata, na hakuna kinachowapa magaidi vijana wapya kama kisasi.

Ukitazama kwa karibu zaidi, tofauti hutokana na mambo madogo mno. Vijiji vya Israel vinavyopakana na Gaza vilikuwa na vikosi vya wakazi kwa miaka mingi. Katika baadhi yao bunduki zilikuwa zimefungiwa ghalani kwa hofu ya kuibiwa. Asubuhi ya 7 Oktoba 2023, Hamas waliposhambulia, huko Kfar Aza wanakikosi waliuawa wakijaribu kulifikia ghala. Katika kijiji cha Nir Am, mratibu wa usalama, binti wa miaka 25, alisikia milio isiyo ya kawaida, akafungua ghala mapema, akawagawa watu wake uzioni, na hakuna mkazi aliyeuawa kijijini. Swali la kijiji chochote chenye mgambo ni hili: ufunguo wa ghala uko kwa nani saa kumi usiku, na ni hatua ngapi kutoka kitandani kwake? Ghala likiwa mbali, kikosi kipo kwa jina tu. Silaha zikilala majumbani bila kasha la chuma lililofungwa ukutani, zitauzwa, zitaibiwa, au zitatumika kwenye ugomvi wa ng'ombe na ardhi.

Kenya hili inalijua kwa polisi wa akiba. Ni raia wa kujitolea wanaopewa bunduki za serikali kulinda jamii zao kaskazini. Mwaka 2019 serikali ilikusanya silaha za wengi wao kwa madai kuwa zilitumika vibaya, na baadaye ikaanza kuwarudisha upya. Mtu unayempa bunduki bila posho, bila redio inayofanya kazi na bila anayemkagua risasi zake, unamwacha achague mwenyewe ataitumiaje. Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, wazee wa Kimakonde waliopigana vita vya ukombozi walishika tena silaha kulinda uwanda wa Mueda dhidi ya waasi walioanza kushambulia Oktoba 2017. Wao waliijua kila njia ya mihogo, walijuana kwa sura, na walikuwa na nidhamu ya zamani. Hata hivyo mji wa Mocímboa da Praia haukurudi mikononi mwa serikali hadi majeshi ya Rwanda yalipoingia mwaka 2021.

Na mara nyingine raia hulinda bila silaha kabisa. Desemba 2015, karibu na El Wak, wavamizi walisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa, na wanawake waliwavika wenzao hijabu. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari iliyofuata. Wasafiri wengi waliokoka. Siwezi kuiandika habari hii bila kusimama kidogo.

Kwa hiyo mwenye jengo la maduka Mombasa au Dar akiniuliza aajiri walinzi wangapi wenye bastola, humwambia aanze na milango. Kila duka liwe na mlango wa nyuma unaoweza kufunguliwa na aliye ndani bila ufunguo, na chumba kimoja cha ukuta wa zege chenye komeo la ndani. Njia za dharura zisigeuzwe stoo. Makreti ya soda yaliyorundikwa pale ni mtego wa kifo. Kipaza sauti kiwe na mtu anayejua kusema kwa maneno mafupi hatari iko upande gani, na ramani ya jengo iwe getini, nje, ambako askari wataipata. Kisha vifaa vya kuzuia damu kila ghorofa.

Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa mtu anaweza kufa kwa dakika tatu hadi tano, na gari la wagonjwa haliruhusiwi kusogea risasi zikilia. Mwenye bastola anayenunua risasi 50 na hana torniketi, yaani mkanda wa kukaza mkono au mguu ili damu ikome, amepanga vibaya. Ifungwe sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, kamwe isikae kwenye goti au kiwiko chenyewe, ikazwe hadi damu ikome kabisa hata kama majeruhi anapiga kelele. Ukikosa ya dukani, chana kanga, ikunje ipate upana wa vidole vitatu, funga fundo, pitisha mwiko au fimbo fupi, funga tena, zungusha. Kamba ya kiatu usiitumie. Hukata nyama, damu ikaendelea. Usiilegeze kuangalia kama imefaulu. Andika saa uliyofunga, kwa kalamu ya wino mzito, kwenye paji la uso la majeruhi, mahali ambapo daktari hawezi kukosa kuiona.